Duara Mbili kwa Azusa

Nagoya, 24 Aprili 1983

Kwa mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba theluji ya paani imeyeyuka yote, hupandi tena ngazi peke yako kuikwangua. Mimi sijambo. Bwenini wameongezwa wasichana, chumba chetu sasa tunalala sita, na msimamizi ni yuleyule anayekagua hata soksi. Kazi ni ileile ya kushona viti vya magari kutwa nzima. Vidole vimezoea.

Sasa mama, nije kwenye jambo lenyewe. Azusa ameingia darasa la pili, na Mwalimu Karasawa ameniandikia kwamba mwaka huu watoto wanafundishwa kusoma kwa vituo. Kwenye mkato wananyamaza kiasi cha kupiga kofi moja, kwenye nukta makofi mawili. Wakimaliza wanaulizwa hadithi imesema nini. Kila jioni Azusa ataleta kadi. Atakusomea ukurasa mmoja kwa sauti, nawe utajaza vyumba vitatu: sauti, vituo, ufahamu. Akifanya vizuri sana unachora duara mbili, moja ndani ya nyingine. Akifanya vizuri tu, duara moja. Ikiwa bado, pembetatu. Kisha unagonga muhuri wa nyumba. Tafadhali usimwonee huruma. Mimi ulinipa pembetatu maisha yangu yote na sijafa.

Nasisitiza hivi kwa sababu unayoijua. Shemeji Yasuhiko na mkewe wameniandikia tena kutoka Osaka. Tangu mume wangu Teruo afariki wanasema mtoto wa ndugu yao angefaa kulelewa kwao. Hawana mtoto, nyumba wanayo, na shule za mjini ni bora kuliko za milimani. Wanataka kumwandikisha awe mtoto wao kabisa. Nimewaambia wangoje hadi Machi, mwaka wa shule utakapoisha, tuone anavyoendelea kwako. Akiendelea vizuri hawatakuwa na la kusema. Akibaki nyuma, mama, sijui nitawajibu nini.

Mwezi ujao mwalimu atakuja nyumbani, kama walimu wanavyozungukia nyumba za watoto kila mwaka. Mpokee vizuri na umsikilize.

Mwanao,
Chizuru


Bonde la Ina, 29 Mei 1983

Kwa Chizuru,

Tumepata barua yako, ahsante. Nimechelewa kujibu kwa sababu mpunga haungoji mtu, na mgongo wangu siku hizi una maoni yake. Paa ni langu na ngazi ni yangu, usinifundishe. Mzee Komatsu wa jirani ameng'oa meno yote yaliyobaki na sasa anacheka bila sababu, sijui anafurahia nini. Azusa hajambo, ameota meno mawili ya mbele, makubwa kama ya marehemu baba yake.

Mwalimu wako alikuja tarehe kumi na mbili. Ni binti mdogo mwenye adabu, ila ana tabia ya kufunika mdomo kwa mkono anapoongea, kama mwenye jino bovu. Alikaa robo saa. Alizisifu mboga zangu za kuchachusha, nikamwongeza. Akazisifu tena, nikamwongeza tena. Alipozisifu mara ya tatu nilimfungia za kwenda nazo. Kuhusu Azusa alisema anaendelea vizuri, hana wasiwasi naye.

Kadi tunaijaza kila jioni bila kukosa. Duara mbili kwenye sauti, duara mbili kwenye vituo, duara mbili kwenye ufahamu. Usidhani ni huruma. Mtoto huyu anasoma kuliko ulivyokuwa unasoma wewe, ambaye ulikuwa unakimbiza maneno kama kuku.

Waambie watu wa Osaka wanunue paka.

Mama yako,
Tomie


Nagoya, 3 Julai 1983

Kwa mama yangu mpendwa,

Pole kwa mgongo. Huku joto limeanza, mashine zinafoka mvuke, na mwenzangu mmoja alizimia juzi juu ya kiti cha gari ambacho hajakimaliza. Mimi ni mzima. Msalimie Mzee Komatsu na kicheko chake.

Mama, barua yako nimeisoma mara nne, na ya Mwalimu Karasawa mara nne, na sielewi kama mnamzungumzia mtoto mmoja. Mwalimu anasema Azusa ndiye anayesoma vibaya kuliko wote darasani. Anasoma maneno matatu, anasimama pasipo na alama yoyote, anainua uso, anafungua mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno, kisha anaendelea. Kwenye nukta anapita moja kwa moja. Wenzake wanamcheka. Anasema alipokuja kwako alikuuliza mara tatu Azusa anasomaje nyumbani, na mara zote tatu ukamwongezea mboga. Hakuzisifu, mama. Anasema yeye hali chumvi.

Ndiyo nauliza, hizi duara mbili zinatoka wapi? Kadi yote ni duara. Mwalimu amenitumia moja, na mimi niliitazama wakati wa chakula cha mchana mpaka wali ukapoa. Mmoja wenu haoni vizuri, au mimi ndiye nisiyeona.

Mwalimu anadhani labda ni macho ya mtoto. Mpeleke kwa daktari wa macho mjini. Na simu, mama. Napiga mchana inaita mpaka inakata. Jumapili anapokea Azusa na kuniambia bibi yuko shambani. Jumapili iliyopita mvua ilikuwa inanyesha nchi nzima, ulikuwa unafanya nini shambani?

Shemeji ameniomba ripoti ya muhula. Sijui nimwonyeshe ya mwalimu au kadi yako. Nakuomba uweke alama za kweli hata kama ni mbaya. Pembetatu ya kweli itanisaidia kujua la kufanya.

Mwanao,
Chizuru


Bonde la Ina, 21 Agosti 1983

Kwa Chizuru,

Sikukuu ya kuwapokea marehemu imepita na hukuja. Tuliwasha moto mlangoni kumwita Teruo na baba yako, tukawawekea chakula, tukawasindikiza siku ya nne. Azusa alikaa kwenye jiwe la lango siku zote nne. Nilimwambia anangoja marehemu kwenye mlango usio wao, akasema hangoji marehemu. Kazi ya ziada katikati ya sikukuu, ni kiwanda gani hicho? Hata enzi zangu, kule kwenye kiwanda cha kufuma, mashine zilinyamaza siku hizo.

Nimempeleka kwa daktari wa macho. Tulipanda mabasi mawili, na jibu lake ni kwamba mtoto anaona mpaka inzi wa kwenye dari. Basi si macho. Mimi nadhani ni tumbo. Anakula tikiti maji la baridi kupita kiasi, na mtoto mwenye tumbo baridi hawezi kutulia akiwa amesimama mbele za watu. Nimempunguzia tikiti.

Unaniomba alama za kweli kana kwamba nakupa za kuokota. Muhuri wa nyumba hii aliuchonga babu yako. Ngoja nikueleze tunavyosoma, ili uache kunihoji. Tukimaliza kula napangusa meza, tunakaa chini ya taa ana kwa ana, karibu sana. Namtazama usoni mwanzo mpaka mwisho. Ananisomea polepole, anasema kila neno kwa mdomo wake mzuri mpana, na kila mara ananiangalia kuona kama niko naye. Sipotezi hata neno moja. Akimaliza namuuliza hadithi imesema nini, ananieleza vilevile, naelewa yote. Sasa hapo pembetatu niiweke wapi?

Mwalimu wenu wa kufunika mdomo ndiye hajui kufundisha.

Simu hiyo uliiweka wewe, mimi sikuiomba. Andika barua. Barua inasomeka.

Mama yako,
Tomie


Nagoya, 11 Desemba 1983

Kwa mama yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Mara tatu nilianza kuandika nikaacha. Huku kumekuwa na baridi kavu, mikono imepasuka na nyuzi zinanasa kwenye nyufa, lakini nashukuru. Ahsante kwa persimoni za mti wetu mlizonikaushia. Wasichana wa chumbani walizimaliza kwa usiku mmoja, mimi nikaambulia mbili.

Kwa miezi yote hii nimechanganyikiwa, mama, na sikuficha. Nilidhani ni macho. Halafu nikadhani ni msiba wa baba yake umemrudia. Halafu, unisamehe, nikadhani wewe unadanganya kwa kumpenda. Juzi Mwalimu Karasawa amenitumia karatasi ya Azusa ya jaribio la ufahamu. Hadithi ni ya mzee anayelima figili mlimani. Sungura anamwibia figili, mzee anakasirika sana. Kesho yake sungura anakuja kuomba radhi, anamwita mara tatu, mzee hageuki. Swali linauliza, kwa nini mzee hakujibu?

Watoto wote wameandika kwamba bado alikuwa na hasira. Azusa ameandika hivi, nakunakilia kama alivyoandika: "Hakusikia. Sungura alimwita akiwa nyuma yake. Mzee si mkali. Inabidi uzunguke mbele, ungoje akutazame, ndipo useme, na ufungue mdomo vizuri." Mwalimu amepiga alama ya kosa na kuandika kwa wino mwekundu kwamba hayo hayamo kwenye hadithi, asome tena.

Niliisoma karatasi hiyo nikiwa kwenye mashine yangu. Mashine mia mbili zinanguruma, mwenzangu wa kushoto ananiuliza kitu na mimi namtazama mdomo ili nijue anauliza nini. Nikaacha kushona. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitusimulia nikiwa mdogo, kwamba kule kwenye kiwanda cha kufuma wasichana mlikuwa mnasengenyana siku nzima kwa midomo bila kutoa sauti, na msimamizi asijue. Tulikuwa tunacheka. Hatukuuliza kelele za mashine zile zilikwenda wapi.

Mama, nakuuliza swali moja na naomba unijibu hilo tu, mboga na mgongo tuviache. Unamsikia Azusa anaposoma?

Osaka wanataka neno langu la mwisho.

Mwanao,
Chizuru


Bonde la Ina, 29 Januari 1984

Kwa Chizuru,

Mwaka mpya umeingia salama. Theluji ni nyingi. Mzee Komatsu ndiye aliyepanda paani, mimi nilishika ngazi.

Umeniuliza swali moja. Simsikii. Tangu mwaka juzi masika sisikii mtu, wala mto, wala simu yako. Ilianza taratibu na sikio la kushoto, kisha la kulia likafuata. Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Alinipa kidude cha kuvaa sikioni, kinalia kama chura ndani ya kichwa na maneno hayaji. Nimekiweka kabatini. Wanakijiji nawasoma midomo, na wakiwa mbali nawachekea tu wakidhani nimeelewa. Huyo mwalimu wako alinishinda. Mkono uko mdomoni, nitamsoma wapi? Nilimwongezea mboga kwa sababu mtu akila haulizi.

Sikukuambia kwa sababu ungemchukua. Ulisema mwenyewe nimpokee mwalimu nimsikilize, na mtoto akibaki nyuma hujui utawajibu nini. Ningekuambia mwezi wa nne, mwezi wa tano mtoto angekuwa Osaka. Basi kila jioni nilichora zile duara nikijua nachora kwa hofu. Lakini sikudanganya yote. Namwelewa kweli anaponisomea. Nilidhani mtoto anayeeleweka anasoma vizuri.

Kwamba yeye anajua, hilo sikulijua. Barua yako ilipofika niliikalia wiki nzima. Kisha jioni moja nikamwambia leo soma, mimi nitageuka. Nikageukia ukutani. Nilitaka nione kama nitapata hata mkwaruzo wa sauti. Nilitazama udongo wa ukuta, nikangoja, hakuna kitu. Halafu nikahisi magoti yanasukumwa. Alikuwa amejibana kati yangu na ukuta, hana hata nafasi ya kukifungua kitabu, amekibana kifuani, anainua uso na kunisomea kwa moyo. Meno yale mawili na mdomo wazi.

Nilimwambia aache, ajifunze kusoma kama wenzake, asimame kwenye nukta na si kwenye uso wangu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Nikisoma hivyo, bibi, utabaki peke yako."

Chizuru, nimelia mbele yake, jambo ambalo wewe hukuwahi kuliona. Mtoto wa miaka minane ameharibu kusoma kwake kwa ajili yangu na amechekwa mwaka mzima asiseme. Sifai kumlea. Mpeleke Osaka. Kule kuna watu wenye masikio. Nitamfungashia nguo zake Machi, wala sitakulaumu.

Mama yako,
Tomie


Nagoya, 19 Februari 1984

Kwa mama yangu,

Leo sianzi na hali ya hewa.

Wewe umesema lako, na mimi niseme langu. Wakati wa sikukuu ya Agosti sikuwa na kazi ya ziada. Kiwanda kilifungwa kama viwanda vyote. Nilikuwa Osaka. Shemeji Yasuhiko aliniwekea karatasi ya kukubali mezani, mkewe akanionyesha chumba, dawati jipya na taa yake, na mimi nikatoa muhuri kwenye mkoba nikagonga. Mtoto alikuwa amekaa kwenye jiwe la lango ananingoja, na mimi nilikuwa namtoa. Nilijiambia nafanya hivyo kwa sababu ya ripoti ya mwalimu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mama wa mbali, nikaona heri aache kunisubiri. Karatasi ilikuwa ipelekwe ofisini Machi. Miezi yote niliyokuwa nakuomba alama za kweli, jibu nilikuwa nimeshalitoa.

Jumapili iliyopita nimekwenda Osaka kuidai. Nilipiga magoti kwenye mkeka wao tangu saa nne mpaka mchana. Shemeji alikasirika, na ana haki. Alisema, "Shemeji, ulikuja na akili zako timamu ukagonga muhuri. Hatukukushika mkono." Nikamwambia kweli hamkunishika. Nikamwambia mtoto huyo tayari ana mtu anayemtegemea, na si mimi. Nikamsomea barua yako, sehemu ile uliyogeukia ukutani. Shemeji aliondoka chumbani. Mkewe ndiye aliyeleta karatasi, akaiweka mikononi mwangu, akaenda kufunga mlango wa kile chumba. Namwonea huruma, mama. Sitamsahau.

Nimemwandikia Mwalimu Karasawa yote, nikamrudishia na ile karatasi ya jaribio. Amejibu kwa barua ya kurasa tano, hata sikuweza kuzielewa zote kwa jinsi alivyojilaumu. Anasema alimrudishia Azusa karatasi yake na kumwomba radhi mbele ya darasa. Atamfundisha vituo baada ya masomo, wawili tu. Atakuja tena kwako, na safari hii mikono itakuwa magotini.

Nimeaga kazini. Mjini kwetu kuna karakana ya kushona sare, wamenikubali kuanzia Aprili. Mshahara ni mdogo, tutakula figili. Nakuja tarehe ishirini Machi kwa treni ya asubuhi. Hakuna anayefungasha nguo za mtu.

Nilimpigia Azusa simu jana. Nilimwuliza kwa nini alijua mwaka mzima kwamba bibi hasikii na hakuniambia, wakati nilikuwa napiga kila Jumapili.  Akasema kwa upole kabisa, bila kunilaumu, "Hukuniuliza bibi yukoje, mama. Kila ukipiga uliuliza nimepata duara ngapi."

 Nilishika simu mpaka sarafu zikaisha.

Mwanao,
Chizuru